Karatasi ya Kumi na Saba

Daftari lilipatikana saa tisa na nusu alasiri, maktabani, katikati ya majarida ya kilimo ambayo hakuna mtu Kibiti aliyewahi kuyagusa tangu yaletwe. Sajenti Rukaya Mbonde ndiye aliyelivuta. Alipiga chafya kwa vumbi, akalifungua, akapitisha kidole kwenye namba za penseli zilizotiwa pembeni mwa kila karatasi. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na nane.

Kati ya kumi na sita na kumi na nane palibaki kipande cha karatasi kilichochanwa kwa pupa.

Hakumwambia mtu namba hiyo. Alilitia daftari kwenye bahasha ya kaki, akaandika saa na tarehe, akarudi ukumbini. Kwa muda wote aliokuwa ndani ya maktaba ile hakuna aliyemkaribisha hata kiti. Kibiti si mahali pa kumuuliza mtu jina la babu yake ukiwa umevaa sare. Watu walishaulizwa sana na askari, miaka ile ya mauaji, na hawakuyapenda yaliyofuata.

Ubaoni palikuwa bado na maandishi ya asubuhi: *Mafunzo ya Wakutubi. Kumsaidia Msomaji Kutafuta Ukoo Wake. Siku ya Tatu.* Wakutubi sita walikuwa wamekwenda Mtunda tangu alfajiri kufanya mazoezi ya kuhoji wazee. Waliobaki walikuwa wanne, mlinzi langoni, na mgeni mmoja.

Mgeni ndiye aliyepiga simu polisi. Bi Mwanamina alikuwa mkunga wa Mbwera, huko visiwani deltani, tangu ujana wake mpaka macho yalipomwisha nguvu. Alikaa mkekani, miguu kainyoosha, uso umefura.

"Limepatikana?" aliuliza.

"Limepatikana, Bibi. Karatasi moja imechanwa."

"Moja," alisema Bi Mwanamina. "Basi mwizi kajua anachotaka."

Kila mtu ukumbini akamtazama Warda.

Sababu ya kumtazama Warda ilikuwa wazi. Alikuwa mkutubi msaidizi wa maktaba hiyo hiyo, na Ijumaa, keshokutwa, alikuwa aolewe na Abdalah mwana wa Amri. Miezi miwili sasa Kibiti nzima ilikuwa inanong'ona kwamba maharusi hao wamenyonya ziwa moja. Wakati wa mafuriko ya mwaka tisini na nane, huko Mbwera, mama yake Warda aliugua, mama yake Abdalah akampa mtoto ziwa. Ikiwa alinyonya mara tano za kushiba, ni ndugu, na ndugu hawaoani. Shehe alikataa kusema ndiyo wala hapana. Alitaka ushahidi. Mama yake Abdalah alikuwa amekwishafariki, na Bi Mwanamina, aliyekuwapo, hakutaka kuapa kwa kichwa. Kazalisha watoto mamia, alisema. Yeye anasema la daftari.

Na daftari analo. Ni kaunta buku nene yenye jalada jekundu, aliyoianza mwaka tisini na tano. Kila mtoto aliyempokea kamwandika: mama nani, baba nani, na kama kanyonyeshwa na mwingine, ni nani na mara ngapi. Kaandika Kiswahili chake kwa herufi za Kiarabu, maana yeye alikwenda chuoni kusoma Kurani, shule hakuiona. Kesho baada ya swala ya alasiri lilikuwa lifunguliwe mbele ya Shehe na koo zote mbili.

"Afande," alisema Saidy Mfaume. Alikuwa mkuu wa maktaba, na alikuwa pia baba mdogo wa Warda, aliyemlea baada ya baba yake kufariki na ambaye Ijumaa ndiye angekuwa walii wake, wa kumwozesha. Alisema kwa upole, kitambaa mkononi, anajifuta shingo. "Haya ni mambo ya ndani. Mtoto kaogopa, kateleza. Sisi hatupelekani polisi. Tumsamehe, ndoa ivunjwe kwa amani, kila mtu arudi kwake."

"Nani kateleza?" alisema Warda.

"Mwanangu, nyamaza."

"Sinyamazi. Nani kateleza, ba'mdogo?"

Rukaya aliwanyamazisha wote wawili. Msamaha unaotolewa kabla ya hukumu haukumpendeza hata kidogo, lakini hilo aliliweka pembeni. Aliomba chumba kidogo cha kupokelea vitabu, akamwita Warda kwanza.

Warda aliketi bila kuambiwa keti.

"Mlinzi, Sufiani, anasema saa saba na robo ulitoka ukumbini na kitu kwapani."

"Msala."

"Msala ulikuwa ukumbini?"

"Ulikuwa kitini kwangu. Ulitaka nikasali barabarani?"

"Saa ile mlango ulipaswa kuwa umefungwa."

"Nimeukuta umerudishiwa tu. Ufunguo unaning'inia ofisini, anayetaka anachukua."

"Ndani ulimkuta nani?"

"Sikumkuta mtu. Nilisikia kishindo kule kwenye majarida, nikasema paka. Nikachukua msala wangu nikatoka."

Rukaya aliandika: *kishindo, majarida.* Kisha akauinua uso.

"Wewe ndiye mwenye kupoteza daftari likisema vibaya."

"Na miye ndiye niliyekwenda kulifuata! Nimepanda boti mpaka Mbwera, nimemshika bibi mkono kwenye matope, nimemleta hapa. Ningetaka lipotee, ningeliacha huko huko likaliwa na mchwa."

"Labda ulidhani lina heri. Leo mchana ukachungulia, ukakuta shari."

"Sikulifungua. Bibi alisema lifunguliwe kesho mbele ya watu, nikamwambia sawa."

"Unajua kuzisoma herufi zile?"

Warda alimkazia macho. "Nimefundisha chuoni miaka minne."

"Kwa hiyo ungeweza."

"Ningeweza. Na kila mtu anajua ningeweza, ndiyo maana umeniita wa kwanza. Una lingine, afande?"

Rukaya hakuwa na lingine. Alimpenda binti huyu kwa ukali wake, na kumpenda mtuhumiwa ni jambo baya katika kazi, kwa hiyo alimtoa nje haraka. Hesabu yake mpaka hapo haikumnufaisha Warda hata kidogo. Asubuhi saa tatu, mbele ya wote, Bi Mwanamina alisema kwa sauti: "La Warda liko karatasi ya kumi na saba. Nimehesabiwa na mjukuu nyumbani." Na karatasi iliyokosekana ilikuwa ya kumi na saba.

Aliyefuata alikuwa Ukasha, mkufunzi kutoka Dar es Salaam. Aliingia na simu mkononi, akaiweka mezani uso juu, apate kuona saa.

"Mimi nafundisha wakutubi, afande. Silindi madaftari."

"Nani aliliweka kabatini?"

"Mimi. Saa saba kasoro. Kisha nikaenda kula."

"Namba za penseli ni za nani?"

"Hiyo ni kanuni ya kazi. Msomaji akileta kumbukumbu za ukoo wake, kitu cha kwanza unahesabu karatasi na kuzitia namba, mbele yake. Ikipotea moja, inajulikana. Kama leo." Alisema hivyo kwa fahari kidogo. "Nilimpa Sabra afanye jana jioni. Mwite mwenyewe. Na tafadhali, ripoti yako isiguse mafunzo. Kuna watu wametoa mabasi, chakula, vyeti."

"Ripoti yangu itagusa kilichochanwa."

Ukasha aliondoka bila kuaga.

Sabra alikuwa mkutubi kutoka Utete, msichana mwembamba aliyekuwa ameng'ata kalamu yake mpaka ikapasuka. Kabla hajaulizwa neno, machozi yalikuwa yamemlenga.

"Nitanyimwa cheti?"

"Kwa nini unyimwe?"

"Kwa sababu ya namba."

Rukaya aliweka kalamu chini. "Namba zina nini?"

"Mwalimu hajakwambia?"

"Niambie wewe."

Sabra alijifuta macho. Alisema jana jioni aliliweka daftari mezani kama anavyoweka daftari lolote, jalada lenye maandishi ya kiwandani juu, akaanza kutia namba kutoka hapo. Moja mpaka tisini na sita. Alifanya haraka, gari la kuwarudisha nyumba ya wageni lilikuwa linapiga honi. Leo saa nne, wakati wa chai, ndipo alipogutuka. Bibi anaandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia. Daftari lake linaanzia upande wa pili. Karatasi ya kwanza ya Sabra ndiyo ya mwisho ya bibi.

"Nimelitia namba kinyumenyume, afande. Lote."

Rukaya aliikazia macho bahasha ya kaki. Nje pikipiki ilipita, ikafuatiwa na nyingine. Sabra alidhani amekasirikiwa, akaanza kulia sawasawa.

"Ulimwambia nani?"

"Mwalimu Ukasha. Akasema nifute nitie upya baada ya chakula cha mchana. Warda alikuwa pale anamimina chai, akasikia. Akanicheka, akaniuliza nimesoma chuo gani."

"Na Mzee Saidy?"

"Yeye hakuwapo kwenye chai. Alitoka baada ya ufunguzi, saa tatu u nusu, kwenda halmashauri. Karudi karibu na adhuhuri. Sikumwambia. Naanzaje kumwambia mkuu wa maktaba kosa kama hilo?"

"Nenda ukanawe uso," alisema Rukaya. "Cheti sikitoi mimi, lakini leo umenifaa kuliko wenye vyeti."

Alipobaki peke yake alifunga mlango, akaitoa kaunta buku kwenye bahasha, akaigeuza. Akahesabu kutoka upande wa Bi Mwanamina, karatasi kwa karatasi, bila kuangalia penseli. Kumi na tano. Kumi na sita. Kumi na saba. Ilikuwepo, nzima, imejaa wino wa buluu pande zote mbili, na penseli ya Sabra pembeni mwake ilisema themanini.

Rukaya hakuweza kusoma mwandiko ule. Hauna irabu, na mkono wa bibi ulikuwa unakwenda mbio. Lakini hakuhitaji kusoma ili aelewe. Aliyechana aliisikia namba ya bibi saa tatu. Hakuwa na habari ya kosa lililogunduliwa saa nne. Na hakusoma hata mstari mmoja wa alichokichana, kwani angesoma angeona majina ya watoto wa watu wengine. Warda alijua kosa. Sabra alijua. Ukasha alijua. Wakutubi wengine walikuwa Mtunda, na Sufiani alikuwa langoni bibi alipoitaja namba.

Alichukia, na hakujizuia. Mzee mzima, mtoto wa kaka yake, na ule upole wote wa "tumsamehe."

Ukumbini aliwakuta wamekaa mbalimbali, kila mtu na kona yake. Alibaki kusimama.

"Mzee Saidy. Unaziamini namba alizotia Sabra?"

Saidy aliacha kujifuta shingo. "Nitaachaje kuziamini? Nilimwona jana akitia. Miaka ishirini na miwili niko maktaba hii, namba ndiyo inayoniongoza kwenye kila kitu."

"Leo saa saba mchana ilikuongoza pia?"

"Unasemaje?"

"Namba zimeanza upande usio wake. Waliokuwa kwenye chai wanajua. Wewe ulikuwa halmashauri." Aliiinua bahasha. "Iliyochanwa ni kumi na saba ya penseli. Ile ya bibi, ya Warda, imo humu, nzima."

Wote waligeukia bahasha. Saidy peke yake aligeukia mlango, na Sufiani mlinzi alikuwa amekwishasimama hapo.

"Uliingia kwa ufunguo wa ofisini kwako," Rukaya aliendelea. "Ukachana. Ukasikia mtu anakuja, ukaogopa kulirudisha kabatini, ukalichomeka kwenye majarida. Aliyekuja ni Warda, kufuata msala. Ukanyamaza gizani kule nyuma ya rafu mpaka akatoka, halafu ukaja kumwombea msamaha."

Warda alisimama. "Ba'mdogo?"

Saidy alimpa mgongo. Alimtazama Rukaya kwa chuki ya wazi, upole wote umemtoka. "Sikuisoma," alisema. "Andika hilo. Sikuisoma wala sikutaka kuiona. Niliangalia namba tu."

"Iko wapi?"

"Chooni."

Bi Mwanamina alipiga kofi mkekani. "Watoto watano, Saidy! Karatasi ile ya kwenu mnayoita kumi na saba ina watoto watano, wengine baba zao hawapo. Nani atawaandika tena? Wewe?"

"Na uvumi wa ziwa ulitoka kwako," alisema Rukaya. Hili alilibahatisha, lakini liliingia akilini. "Walii akikataa kuozesha bila sababu, Shehe anamweka pembeni. Ulihitaji sababu."

"Sababu ninayo!" Saidy alisimama, sauti imempanda. "Ninayo tangu mafuriko! Muzdalifa, mke wa kaka yangu, anaungua homa, maji yamezunguka nyumba, na Amri ana mtumbwi umefungwa mlangoni kwake. Hakuutoa. Mtu wa kufikishwa Utete hospitali kaachwa afe, anatazamwa. Kaka yangu alikuwa Mafia, karudi kakuta kaburi. Miaka ishirini na saba ukoo wetu haumpi Amri hata salamu. Leo nimshike mkono mwanawe, nimpe mtoto wa Muzdalifa? Nimpe?"

Sufiani alishusha macho. Hata Ukasha aliigeuza simu yake uso chini. Warda alikuwa amekua na hadithi hiyo. Rukaya aliona jinsi ilivyomrudisha kitini, mikono magotini, kama mtoto aliyekumbushwa adabu. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana hana hakika na Ijumaa yake.

Bi Mwanamina alinyoosha mkono kuelekea bahasha.

"Afande, mpe binti daftari."

"Bibi, tulisema kesho, mbele ya Shehe."

"Kesho atasoma tena. Daftari ni langu, nimesema asome." Akamgeukia Warda. "Anzia pale penye jina lako. Soma taratibu, usiruke."

Rukaya alilifungua mwenyewe, akaiweka karatasi mbele ya Warda na kushika pembe zake. Warda alifuata mstari kwa kidole.

"'Warda binti Kibwana,'" alisoma. "'Miezi mitatu. Mama yake Muzdalifa, homa, ziwa limekauka. Mtoto kanyonyeshwa na Mwanaidi mke wa Amri...'" Alirudisha kidole mwanzo wa mstari. "'Mara tatu. Siku ya pili bibi yake kaja na maziwa ya mbuzi, kamchukua.'"

"Mara ngapi?" aliuliza Sabra kutoka nyuma.

"Tatu," alisema Warda. "Tatu. Alhamdulillahi. Tatu!" Alifunika uso kwa viganja, mabega yakamtikisika, na Sabra akaja mbio kumshika.

Kwa Rukaya kazi ilikuwa imekwisha. Mlalamikaji yupo, mtuhumiwa kakiri, kielelezo kimesomwa. Alinyoosha mkono alirudishe daftari kwenye bahasha.

"Haijaisha," alisema Bi Mwanamina. "Nimekwambia usiruke."

Warda alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akainama tena. Safari hii alisoma kwa furaha, haraka haraka, kama mtu anayemalizia barua.

"'Amri kaleta mtumbwi asubuhi, kumpeleka mgonjwa Utete. Kakataliwa. Aliyekataa Saidy, shemeji yake mgonjwa, kasema mke wa kaka hapandi chombo cha mwanamume mwingine mpaka mwenyewe arudi.'"

Kidole kilisimama. Kikaendelea.

"'Amri karudi jioni na mkewe Mwanaidi, wamsindikize wote. Kakataliwa. Miye nimesema, sikusikilizwa. Muzdalifa kafa alfajiri.'"

Saidy alikuwa amekaa. Kitambaa kilikuwa sakafuni naye hakukiokota.

"Nilikuwa kijana," alisema. "Kaka aliniachia nyumba. Mke wa mtu... Nilisema atarudi kesho yake. Kila siku nilisema kesho atarudi." Alimtafuta Warda kwa macho. "Angerudi akute nimemtoa mkewe na mtu baki, ningemwambia nini?"

"Ulimwambia nini?" aliuliza Warda.

Saidy alikisogeza kitambaa kwa mguu.

"Alipokuta kaburi. Ulimwambia nini baba yangu?"

"Mwanangu..."

"Ulimwambia Amri kakataa. Na baba akafa na hilo. Baba yuko kitandani anaumwa, Amri alikuja kumtazama, miye ndiye niliyetumwa mlangoni nikamwambie arudi. Nilikuwa na miaka kumi. Nikamwambia, 'Baba anasema usiingie.' Akarudi."

Alilifunga daftari, akamrudishia Bi Mwanamina mikononi, wala hakumpa Rukaya. Kisha akajitengeneza mtandio, akamkabili baba yake mdogo.

"Ijumaa ndoa ipo. Walii nitamwomba Shehe anitafutie. Wewe, afande akimaliza na wewe, pita kwa Mzee Amri. Umwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla sijamwambia mume wangu."